Akufaaye kwa Dhiki: Uhakiki wa Misaada Isiyofaa Katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii husikika mara nyingi mimbarani siku za kuwachangia waliopatwa na maafa, lakini ni mara chache mhubiri husimama kidogo na kulipima neno lake la kwanza. Wahenga hawakusema "akupaye". Walichagua kitenzi kufaa, na kufaa hupimwa kwa hali ya anayepokea. Mtu aweza kupewa mengi yasimfae hata moja.

Makala haya yanakusudia kuitumia tofauti hiyo ya maneno mawili ili kuhakiki desturi moja ya makanisa yetu na ya makanisa rafiki ya ng'ambo, yaani desturi ya kuwapelekea watu walio katika maafa vitu ambavyo hawakuviomba, hawavihitaji, au vinavyowaongezea taabu. Kwa kawaida jambo hili huchukuliwa kuwa upungufu wa utawala: orodha haikuandaliwa vizuri, simu haikupigwa, gari lilichelewa. Hoja yangu ni kwamba mzizi wake uko ndani zaidi. Zawadi isiyoanza na haja ya jirani ni sura mojawapo ya kutafuta kuhesabiwa haki kwa matendo, jambo ambalo sisi Walutheri hudai kwamba tulikwisha kulikataa. Mifano nitaichota hasa katika mkoa wa Kigoma, kwa sababu huko umbali, maji na milima huonyesha wazi gharama ya zawadi isiyofaa.

Mwambao na wageni wake

Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, ambayo ilifika ziwani mwaka 1914. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi hapo ni zaidi ya kilomita 1,200, na kila gunia la chakula au sanduku la dawa litokalo ng'ambo ya bahari halina budi kuuvuka umbali huo kwa treni au kwa lori kabla ya kufika Ujiji, Kasulu au Kibondo. Upande wa pili wa ziwa ni Kongo, na kaskazini ni Burundi. Kwa sababu hiyo watu wa mwambao huu wamepokea wageni waliokimbia vita kwa zaidi ya nusu karne. Walikuja Warundi wa mwaka 1972. Wakaja Warundi tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipoingia Uvira, Wakongo walivuka ziwa kwa boti na mitumbwi, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa mara nyingine.

Katika historia hiyo Kanisa halikuwa mtazamaji. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilihudumu katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na baadaye katika kambi za Kigoma. Kwa hiyo uhakiki wa misaada ni uhakiki wa nyumba yetu wenyewe, na yatupasa kuufanya bila kumwonea mtu haya.

Hesabu ya Kagunga

Tuanze na tukio la mwezi Mei 2015. Kagunga ni kijiji cha ufukweni, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mbele yake ni ziwa na nyuma yake ni mlima mkali; wakati huo hapakuwa na barabara ya kupitisha gari. Katika majuma machache makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika hapo, wakalala mchangani, wakanywa maji ya ziwa lilelile ambalo halikuwa na vyoo vya kulikinga. Njia ya kuwatoa ilikuwa majini. Meli kongwe ya MV Liemba ilikodiwa, na iliweza kuchukua watu wapatao 600 kwa safari moja. Kwa kuwa hapakuwa na gati, abiria walipelekwa melini kwa vyombo vidogo. Walipofika Kigoma walipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu kwa mabasi.

Kipindupindu hakikungoja safari hizo zikamilike. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Wawili kati ya waliokufa walikuwa Watanzania wenyeji.

Mahali kama hapo mali adimu kuliko zote ni nafasi ndani ya chombo na saa za watu wachache wanaojua kazi. Vilihitajika maji safi, vyoo, sabuni, dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, dripu, na wauguzi waliokwisha kuuona ugonjwa ule. Hebu tufikiri sasa kwamba usharika mmoja wa mbali, wenye huruma ya kweli, unashusha katika stesheni ya Kigoma marobota 20 ya nguo zilizokusanywa kwa siku mbili. Lazima apatikane mtu wa kuyapokea, kuyahesabu, kuyatafutia ghala na kuyakinga na mvua. Atahitajika pia mtu wa kufungua na kuchambua, maana ndani yake mna makoti ya baridi, viatu vya mguu mmoja na magauni ya harusi. Hatimaye itabidi apatikane mtu wa kuamua kama marobota hayo yapande boti leo au yangoje hadi mapipa ya maji yatakapokwisha kuvuka. Mtu huyo ni yuleyule aliyekuwa akihesabu dripu. Zawadi ambayo haikugharimu kitu usharikani hugharimu ufukweni, na anayelipa ni mgonjwa.

Goma, mwaka 1994

Mtu aweza kusema kwamba huu ni mfano wa kufikirika. Basi na tutazame tukio lililochunguzwa kwa makini, katika mji ambao si mbali sana na ziwa letu. Mwezi Julai 1994 Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma, katika Zaire ya wakati ule, kwa muda wa siku chache. Kipindupindu kiliwashukia, kisha kuhara damu. Wachunguzi waliokusanya hesabu baadaye walikadiria kwamba watu wanaokaribia 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Ulimwengu haukukosa moyo wakati ule. Ndege zilitua, na mashirika mengi yakafika yakiwa na madaktari na mahema. Hata hivyo kundi la waganga kutoka kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka, Bangladesh, watu waliozoea kipindupindu kama mvuvi alivyozoea ziwa, walikuta vituo ambamo wagonjwa waliendelea kufa ingawa wametibiwa. Katika taarifa yao iliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet walieleza sababu: maji yalirudishwa mwilini polepole mno, dawa ya kunywa ya chumvi na sukari haikutumika vya kutosha, dripu nyingine zilikuwa za aina isiyofaa kwa ugonjwa huo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kumtibu mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa. Kipindupindu ni ugonjwa ambao, ukitibiwa ipasavyo, huua chini ya mtu mmoja kati ya wagonjwa 100. Katika kituo kimoja walikuta kwamba kiasi cha vifo kiliwahi kukaribia nusu ya wagonjwa.

Taarifa hiyo ingefaa kusomwa katika darasa la maadili ya Kikristo. Dripu isiyofaa ilitolewa na mtu mwema, ilisafirishwa kwa gharama kubwa na kuchomwa mkononi kwa upendo, na mgonjwa akafa. Aidha, nchi iliyoleta msaada uliofaa kuliko mwingi ilikuwa mojawapo ya nchi maskini za Asia, na walicholeta ni ujuzi ambao wenyewe waliupata katika dhiki yao.

Mahindi, maharage na kuni

Misaada isiyofaa haiji siku ya kwanza tu. Katika kambi za Kigoma na Kagera, tangu miaka ya 1990, posho ya msingi ilikuwa mahindi ya punje na maharage makavu. Hakuna atakayebisha kwamba posho hiyo iliokoa maisha ya maelfu. Lakini Warundi wengi na Wakongo wengi walizoea muhogo, ndizi na viazi vitamu, na mahindi ya punje hayaliwi mpaka yasagwe. Mahali pasipo na mashine, mama aliyapiga kinuni. Penye mashine, alitoa sehemu ya posho yenyewe kuwa malipo ya kusagisha. Wengine waliuza mahindi kwa wanakijiji ili wapate muhogo na ndizi.

Maharage nayo hudai moto wa saa nyingi, na kuni hazikuwa ndani ya posho. Wanawake na wasichana walitoka kambini kuzitafuta porini, kila juma mbali zaidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 kuhusu kambi za Tanzania ilionyesha kwamba njia za kuni zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo wanawake wakimbizi walivamiwa na kubakwa. Mwenye hatia ya ubakaji ni mbakaji, na asitafutiwe udhuru. Walakini chakula kinachohitaji kuni nyingi, kinapotolewa bila kuni, humtuma binti porini, na aliyepanga posho hakuwa na budi kuliona hilo. Wazee wetu wangeuliza swali hilo siku ya kwanza, maana kwao mwenye kukaribisha mgeni hutoa unga pamoja na jiko.

Hapa yafaa kusema neno juu ya kuuza msaada. Wafadhili wengi, na wachungaji wengi pia, hukasirika wanapoona mahindi ya msaada sokoni Kasulu au Kibondo, nao husema kwamba wakimbizi hawana shukrani. Mimi naona kwamba soko lile ni uhakiki. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kusema anachohitaji kabla ya zawadi kufika, husema baada ya kufika, kwa njia aliyo nayo. Mama anayebadilisha debe la mahindi kwa fungu la muhogo anaisahihisha zawadi ili imfae, na hasara ya kubadilishana huko anaibeba yeye.

Ndivyo ilivyo pia kwa vyandarua. Katika mwambao wa Tanganyika vyandarua vya kuzuia mbu vilivyogawiwa bure vimetumika kuvulia dagaa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulithibitisha kwamba desturi hiyo imeenea. Madhara yake hayana ubishi: tundu zake ndogo huzoa hata vifaranga vya samaki, na mtoto hubaki bila kinga ya malaria. Lakini mtu anayekitoa chandarua kitandani na kukitia majini ametoa taarifa: njaa ya leo ni kubwa kuliko homa ya kesho. Mgawaji aliyehesabu vyandarua vilivyotoka ghalani, asihesabu sufuria zilizokuwa tupu, aliisoma nusu ya taabu ya nyumba ile.

Dawa, nguo, na yale ambayo Kanisa lilikwisha kuyajua

Mkristo mmoja aweza kudhani kwamba uhakiki huu ni mpya, au kwamba umeletwa na wataalamu wasiojali imani. Sivyo. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia la mwaka 1988 zilipelekwa huko tani zipatazo 5,000 za dawa na vifaa vya tiba. Watu 50 walitumia miezi sita kuzichambua, na ni sehemu ipatayo 30 katika 100 tu iliyoweza kutumika kwa urahisi. Katika Bosnia, kati ya mwaka 1992 na 1996, takriban tani 17,000 za dawa za msaada zilionekana kuwa hazifai: nyingine zilikwisha muda wake, nyingine hazikuhusiana na magonjwa yaliyokuwapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa ulitolewa mwaka 1996. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo tume ya afya ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilikuwa imekwisha kutoa mwongozo wake, kwa sababu hospitali za misheni zilichoka kupokea masanduku ya dawa zilizobaki makabatini mwa watu.

Mwongozo wa mwaka 1996 ulisimama juu ya misingi minne: zawadi imfae mpokeaji kwa kiasi kikubwa iwezekanavyo, matakwa na mamlaka ya mpokeaji yaheshimiwe, kisichokubalika nchini mwa mtoaji kisihesabiwe kuwa chema kwa mpokeaji, na pande zote mbili ziwasiliane kabla mzigo haujaondoka. Msingi wa tatu ungeweza kuandikwa na nabii Malaki. Yeye aliwakemea makuhani waliopokea madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, akawataka wajaribu kumpelekea liwali mnyama wa namna hiyo waone kama atapendezwa (Mal. 1:8). Jaribio lake lafaa hata leo: kitu ambacho hatungethubutu kumpa mkuu wa mkoa, kwa nini tumpe mjane wa Nyarugusu?

Wala tusielekeze kidole Ulaya tu. Nguo kuukuu zilipoanza kuingia kwetu, watu waliziita "kafa ulaya", jina lenye dhihaka ambalo lilionyesha kwamba mpokeaji hakudanganyika juu ya asili ya zawadi ile. Mahindi ya njano ya Marekani yaliyokuja miaka ya njaa nayo yalipachikwa jina la "yanga". Watu walikula, wakashukuru, na jina likabaki kuwa hukumu yao ya upole. Lakini leo sharika zetu za mijini hufanya vivyo hivyo. Tangazo hutolewa Jumapili kwamba kila mmoja alete chochote alicho nacho, na neno hilo "chochote" ndilo linalofungua mlango wa kosa. Tunawapelekea waliofurikiwa au kukimbia vita vile ambavyo sisi tumevichoka, kisha tunapiga picha.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la methali nyingine: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hunenwa kumkinga mtoaji maskini asidharauliwe, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Mjane wa sarafu mbili ndiye shahidi wake (Mk. 12:41-44). Lakini imegeuzwa kuwa ngao ya kila zawadi, kana kwamba moyo ukiwa safi, kitu chenyewe hakina haja ya kuchunguzwa. Tukumbuke kwamba mjane yule alitoa fedha, kitu ambacho chaweza kugeuka kuwa chochote kinachohitajika, na alitoa katika alivyokuwa akivihitaji mwenyewe. Hakutoa alivyovichoka.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Baadhi ya ndugu huogopa kwamba uhakiki wa namna hii utawavunja moyo Wakristo wa kawaida, mikono ikafungwa, na kazi ya huruma ikaachwa kwa wataalamu wenye magari meupe. Hofu hii si ya kupuuzwa. Watu wa kwanza kuwapokea waliovuka ziwa, mara nyingi, ni wanavijiji na wavuvi wasio na mwongozo wowote, na msaada wao ulifika kabla ya hema la kwanza. Lakini tuangalie ni kwa nini msaada wao hufaa. Mwenyeji humwona mgeni, hujua muhogo hupikwaje, hujua maji salama yako wapi, na lugha ya Kiha anayoisema inakaribiana na Kirundi kiasi cha kusikilizana bila mkalimani. Yeye anauliza na kujibiwa. Kwa hiyo mfano wake hauthibitishi kwamba yafaa kutoa bila kuuliza; unathibitisha kwamba anayeuliza hahitaji kuwa mtaalamu.

Kipimo cha Injili

Sasa tuje kwenye kiini. Katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, cha mwaka 1520, Martin Luther alifundisha kwamba kwa kuwa mwamini amekwisha kupewa yote katika Kristo, hana tena haja ya matendo yake kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Matendo hayo sasa yako huru kuelekea kwa jirani, na kanuni yake ni moja: haja ya jirani na manufaa yake. Wanafunzi wetu huikariri hoja hiyo kwa ajili ya mtihani. Lakini ikiwa ni kweli, basi yule anayetoa ili atulize dhamiri yake, au ili usharika wake uonekane hai, bado anatenda kwa ajili ya nafsi yake. Amerudi kule alikotolewa. Dalili ya kurudi huko ni kwamba hakumuuliza jirani anahitaji nini, kwa maana haja iliyokuwa ikitimizwa ilikuwa ya mtoaji.

Bwana wetu mwenyewe, alipoitwa na Bartimayo, mtu ambaye upofu wake ulionekana na wote, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Mk. 10:51). Aliyekuwa akijua yaliyomo ndani ya mtu alimpa kipofu nafasi ya kusema. Msamaria naye husifiwa mimbarani kwa huruma yake, na mahubiri huishia hapo. Luka anaendelea: mafuta na divai, vilivyokuwa dawa ya majeraha kwa watu wa wakati ule; mnyama wa kumbebea; dinari mbili mkononi mwa mwenye nyumba ya wageni; na ahadi ya kulipa kitakachozidi atakaporudi (Lk. 10:34-35). Alimwachia mtu wa mahali pale, mwenye kumwona mgonjwa kila siku, uwezo wa kuamua kitakachohitajika.

Zaidi ya yote tumsikilize Mtume Paulo. Changizo la watakatifu wa Yerusalemu lilimchukua miaka, nalo ndilo kielelezo tunachokitumia kila tunapoomba michango. Lakini tunasoma sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho, na kusahau mstari mmoja wa Waraka kwa Warumi ambamo Paulo anawaomba ndugu wamwombee ili huduma yake hiyo ikubalike kwa watakatifu (Rum. 15:31). Ni kweli kwamba hofu yake ilitokana hasa na mvutano kati ya Wayahudi na Mataifa. Hata hivyo maana yake yatugusa. Mtume mwenye zawadi kubwa, iliyokusanywa kwa jasho, anasafiri akijua kwamba maskini wa Yerusalemu wana haki ya kuikubali au kuikataa. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kuombea msaada wake namna hiyo? Sisi huomba mzigo ufike. Paulo aliomba upokewe, kwa sababu aliwahesabu wapokeaji kuwa ndugu wenye neno la mwisho.

Yanayotupasa usharikani

Uhakiki usiomsaidia mchungaji siku ya Jumatatu haujakamilika. Kwa hiyo natoa mapendekezo machache.

Kwanza, tangazo la "leteni chochote" likome. Kabla ya kutangaza mchango, mchungaji au halmashauri iwasiliane na usharika au ofisi ya huduma iliyo karibu na maafa, na itangaze kile kilichotajwa. Ikiwa jibu ni kwamba nguo zimetosha, usharika uambiwe hivyo waziwazi.

Pili, mahali ambapo soko linafanya kazi, fedha ndiyo zawadi inayofaa zaidi. Haichukui nafasi ya boti, na humnufaisha mkulima wa Kasulu na mvuvi wa Ujiji pamoja na mgeni wao. Mwishoni mwa mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza jaribio la kuwapa sehemu ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha mahali pa chakula, na mwaka 2017 serikali ililisimamisha. Mjadala juu ya uamuzi huo una pande zake, lakini swali lililoulizwa na jaribio lile latuhusu: je, tunamwamini mama wa kambini kwamba anajua watoto wake wanahitaji kula nini?

Tatu, tujifunze kukataa kwa adabu. Sharika na hospitali zetu hupokea makontena kutoka kwa marafiki kwa sababu tunaogopa kuuvunja urafiki. Urafiki usioweza kubeba neno la "asanteni, hatukihitaji" ni dhaifu. Zaidi ya hayo, ukimya wetu huwanyima ndugu zetu wa ng'ambo nafasi ya kutenda jema wanalolikusudia.

Nne, turudi kwenye urithi wetu wenyewe. Mwaka 1523 Luther aliandika dibaji ya utaratibu wa hazina ya pamoja ya mji mdogo wa Leisnig. Wasimamizi walikuwa 10, kutoka kwa wakubwa, baraza la mji, wananchi wa mjini na wakulima wa vijijini, na sanduku lilifungwa kwa kufuli nne ili asiwepo kundi linalolifungua peke yake. Wakulima nao walikuwa na ufunguo. Kamati ya maafa ya dayosisi ambayo haina hata mkimbizi mmoja wala mwanakijiji mmoja wa ufukweni, imesahau jambo lililofahamika katika mji mdogo wa Ujerumani miaka 500 iliyopita.

Hitimisho

Yakobo anamkemea mtu amwambiaye ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende zake kwa amani, asimpe mahitaji ya mwili (Yak. 2:15-16). Tumezoea kumsoma kama adui wa maneno matupu. Lakini anachodai ni mahitaji ya mwili, yaani vile ambavyo mwili ule, mahali pale, unavihitaji. Robota la makoti kwa mtu anayekufa kwa kuhara ni maneno matupu yaliyofungwa kwa kamba.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika haujaona mgeni wake wa mwisho. Vita vya mashariki ya Kongo vingalipo, na ziwa lenyewe katika miaka ya karibuni limepanda na kuzifunika nyumba za watu wa pwani yake. Siku nyingine tutasimama mimbarani kuomba mchango. Ni ombi langu kwa wachungaji na kwa wanafunzi wetu wa theolojia kwamba, kabla ya siku hiyo, kila usharika uwe umekwisha kuandika mahali panapojulikana jina la mtu mmoja wa Kigoma, Kasulu au Kibondo, atakayeulizwa kwanza.